Kupiga sakafu ya mbao darini juu ya gereji ya nyumbani upate stoo: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Maswali kuhusu hii kazi ni yale yale kila siku: niweke bodi ya unene gani, nitumie misumari au skrubu, itabeba kilo ngapi, afu hivi siwezi tu kulaza plaiwudi juu ya mbao za dari nikamaliza? Nimeyaweka yote hapa sehemu moja. Soma mpaka mwisho kabla hujanunua hata skrubu moja, maana wanaonunua kwanza ndo wanajikuta na bodi zisizopita kwenye tundu la dari, na zile zilizopita zimekaa juu ya mbao ambazo haziwezi kuzibeba.

Tuelewane kitu kimoja toka mwanzo. Karibu kila mtu anaanza na swali la bodi, wakati bodi ndo kitu cha mwisho kabisa. Bodi kazi yake ni kuziba uwazi kati ya mbao na mbao, mzigo wenyewe unabebwa na zile mbao zilizolala chini, na hizo mbao mara nyingi ziliwekwa pale kushikilia jipsamu na taa basi. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: chini kuna mbao gani, na toka ukuta hadi ukuta zimeruka umbali gani bila kushikiliwa?

KWANZA PANDA UANGALIE UNA NINI

Panda na tochi. Utakuta moja kati ya mambo mawili.

Boriti za kawaida: mbao ndefu zimelala toka ukuta mmoja hadi mwingine, mbao za paa zinapanda pembeni, katikati kuko wazi unaweza kutembea umeinama. Hizi unaweza kuzishughulikia mwenyewe.

Kenchi za kiwandani: hizi ni pembe tatu zilizojaa mbao za kukatiza, na kila maungio yana kibati cha chuma chenye meno. Hapa tulia kwanza. Kenchi inafanya kazi kama kitu kimoja, kila kipande kinavutana na mwenzake, na ule ubao wa chini mara nyingi ni 2x4 tu (inchi 2 kwa inchi 4) uliopigiwa hesabu ya kubeba dari peke yake. USIKATE kipande hata kimoja, usitoboe kwenye vibati, usihamishe ubao wa kukatiza ati unakuzibia njia. Kama una michoro ya kenchi angalia wameandika mzigo gani wa kuhifadhi vitu juu. Kama hawajaandika chukulia haupo, na uite injinia aangalie kabla ya kuweka chochote. Kuna kenchi zilizotengenezwa maalum na nafasi wazi katikati kama chumba, hizo zimepigiwa hesabu ya mzigo, lakini bado utahitaji kujua ni kiasi gani.

Ili upate picha ya uzito tunaouongelea: Uingereza kenchi za kawaida za nyumba huhesabiwa kwa mzigo wa darini wa kilo 25 hivi tu kwa mita mraba. Marekani kanuni ya nyumba inaweka pauni 10 kwa futi mraba kwa dari isiyo na stoo, na pauni 20 kwa yenye stoo ndogo, yaani kama kilo 50 na kilo 100 kwa mita mraba.

Sasa chukua boksi la vitabu la sentimita 40 kwa 30, lina kilo 20 hivi. Hilo boksi limekalia mita mraba 0.12, ukipiga hesabu ni sawa na kilo 166 kwa mita mraba. Boksi moja tu! Ukipanga matatu moja juu ya jingine umefika kilo 500. Ila boksi la plastiki la nguo la 60 kwa 40 lenye kilo 8 ni kilo 33 tu kwa mita mraba. Ndo maana mtu anakwambia "mimi naweka mabox tu" na hajajibu kitu, boksi la nini?

VITU VYA KUANDAA

- Futi (tepu), penseli, kamba ya chaki, pima maji, na kamba nyembamba ndefu kupita urefu wa boriti zako
- Msumeno, wa umeme au wa mkono, na drili yenye nguvu ya kukaza skrubu
- Mbao za kuimarisha, ngapi na saizi gani utajua baada ya hatua ya 2
- Plaiwudi au bodi ya sakafu: milimita 15 kama boriti zako ziko kila sentimita 40, milimita 18 kama ziko kila 60. Usinunue MDF (bodi ya unga wa mbao) wala chipubodi ya makabati, zikinyonya unyevu kidogo tu zinapinda
- Skrubu za mbao za milimita 50 za kufungia bodi, na ndefu au bolti za kuunganishia boriti
- Gundi ya mbao ya ujenzi
- Barakoa nzuri, miwani, glavu, nguo ya mikono mirefu. Kama kuna sufi ya kuzuia joto hivi vitu ni lazima, ile inawasha ngozi na kifua
- Vipande viwili vya ubao mpana vya kupigia magoti wakati unafanya kazi
- Mtu wa pili. Bodi nzima ya milimita 18 ina kilo 30 hivi, huwezi kuipandisha ngazi peke yako kwa usalama

Fanya kazi asubuhi mapema. Chini ya paa joto la mchana ni kali, mtu anaweza kuishiwa nguvu akiwa juu peke yake, kwa hiyo maji ya kunywa yawe karibu na ushuke mara kwa mara.

HATUA ZENYEWE

1. Pima tundu la dari kabla ya kununua bodi. Bodi nzima ni mita 1.22 kwa 2.44, na matundu mengi ni madogo kuliko hapo. Pima upana wa tundu, afu pima na nafasi iliyopo juu yake mpaka kwenye paa, maana bodi inaweza kupita kwenye tundu ikagonga paa kabla haijaingia yote. Kawaida unaishia kuikata bodi kwa urefu upate vipande viwili vya sentimita 61 kwa 244, na hivi ni vizuri tu, ila mbao ndefu za kuimarisha nazo zipimie njia, wakati mwingine inabidi ziingizwe kupitia ukuta wa pembe ya paa.

2. Pima boriti. Andika vitu vinne: unene, kina (ile kimo chake ikiwa imesimama), umbali toka katikati ya boriti moja hadi katikati ya inayofuata, na urefu wa kuruka toka ukuta hadi ukuta. Huu wa mwisho ndo wenye maana kuliko yote. Boriti ile ile, mzigo ule ule kwa kila mita, ukiongeza urefu wa kuruka mara mbili inapinda mara 16. Kwa kuanzia, mbao nzuri isiyo na mafundo makubwa ikiwekwa kila sentimita 40: 2x6 isiruke zaidi ya mita 3, 2x8 isizidi mita 3.8 hivi. Hizi ni za kukusaidia kujua umesimama wapi, kibali cha kupakia kitoke kwa mtu anayejua mbao za eneo lako. Kama gereji ni ya magari mawili na boriti za 2x6 zimeruka mita 6 bila nguzo katikati, usipoteze muda na plaiwudi, hapo unahitaji boriti mpya au mhimili wa kuzishika katikati.

3. Amua eneo dogo kwanza. Hakuna aliyekulazimisha kupiga dari nzima. Sehemu iliyo karibu na ukuta au juu ya mhimili inabeba vizuri kuliko katikati, kwa hiyo panga stoo yako huko, katikati acha njia ya kupita na vitu vyepesi.

4. Zima umeme kwenye swichi kuu, fuata kila waya kwa macho na mkono. Nyaya zinazopita juu ya boriti haziwezi kubaki pale, ukilaza bodi juu yake umezibana na skrubu moja ikipotea njia imeingia ndani. Usichonge boriti kuupitishia waya nafasi juu, unapunguza kina chake pale pale. Fundi umeme azihamishe zipite ubavuni. Angalia pia taa zilizozama kwenye dari, zile zinatoa joto kwa juu na nyingine haziruhusiwi kufunikwa, kama huna uhakika acha sehemu hiyo wazi.

5. Imarisha boriti. Hapa ndo kazi yote ilipo kwa hiyo nitaongea kirefu.

Njia ya kwanza ni kuifungia boriti ya zamani mwenzake ubavuni. Ubao mpya uwe na kina kile kile au zaidi, na ufike kwenye kuta ZOTE MBILI, ukalie mbao ya juu ya ukuta angalau sentimita 4 kila upande. Ubao unaoishia katikati umefungwa tu kwa skrubu hauongezi unachodhani unaongeza. Kabla ya kuupandisha utazame kwa jicho moja toka mwisho mmoja, utaona umepinda kidogo kama upinde, mgongo wa huo upinde uwe juu. Kona ya juu kwenye ncha utahitaji kuikata mshazari ili isigonge mteremko wa paa. Uingize umelala, ncha zote zikishakaa juu ya kuta ndo uusimamishe, paka gundi, bana na klampu, afu funga bolti au skrubu nene kwa mtindo wa juu-chini-juu-chini kila sentimita 40. Nyundo iache, kila pigo linatikisa jipsamu ya chini na vichwa vya misumari yake vinachomoza.

Njia ya pili, na ndo naipenda zaidi kama nafasi ipo, ni kuweka boriti mpya kabisa katikati ya zile za zamani, zikiwa zimenyanyuliwa sentimita 2 juu ya jipsamu kwa kuwekewa vipande vya mbao ngumu pale zinapokalia ukuta. Ziwe na kina kikubwa kuliko za zamani, ili mgongo wake upite juu ya zile. Bodi zinakaa kwenye hizi mpya peke yake, za zamani zinaendelea kushika dari. Hata sakafu ikishuka kidogo kwa mzigo, dari haijui.

Na tafadhali, mbao isimame, usiilaze. 2x6 iliyolazwa ina ugumu mdogo mara 9 kuliko ile ile ikiwa imesimama. Kuna watu wananunua mbao nzuri kabisa wanazilaza juu ya boriti kwa kukatiza wakidhani wameimarisha, kumbe wameongeza uzito.

6. Weka vizuizi. Kata vipande vya mbao ya kina kile kile, vifunge kwa skrubu kati ya boriti na boriti, kwenye ncha na kila baada ya mita 2 hivi. Vinazuia boriti kulala ubavu na vinagawana mzigo na majirani.

7. Sawazisha. Vuta kamba juu ya boriti zote, ile iliyo chini iongezee ubao mwembamba urefu wake wote, usiweke vijipande hapa na pale, bodi itakuwa inaelea katikati yake.

8. Sufi isishindiliwe. Ikibanwa inapoteza uwezo wa kuzuia joto. Kama imejaa kupita kina cha boriti, nyanyua sakafu kwa mbao zilizosimama zikikatiza juu ya boriti. Na pembeni kabisa kwenye mikono ya paa acha uwazi hewa ipite, ukiziba huko unyevu unakwama na mbao za paa zinaanza kuota ukungu.

9. Katia bodi chini, nje. Vumbi la msumeno darini ni hatari kwa kifua na hata kwa macho. Ziandike namba kwa penseli, afu pandisha moja moja.

10. Laza bodi. Urefu wa bodi ukatize boriti, usiende sambamba nazo. Anza na kamba ya chaki uliyoipima sawa, usiamini ukuta kuwa umenyooka. Kila maungio ya ncha yaangukie katikati ya boriti, kila upande upate sentimita 2 za kukalia. Mstari wa pili uanze na nusu bodi ili maungio yasifuatane. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya bodi na bodi, mbao inavimba msimu wa unyevu. Skrubu kila sentimita 15 kwenye kingo na kila 30 kwenye boriti za katikati, na chora mstari wa boriti juu ya bodi kwanza, skrubu iliyokosa boriti haishiki kitu.

11. Piga ukingo. Ubao wa sentimita 10 umesimama kuzunguka mwisho wa sakafu, pamoja na kuzunguka tundu la ngazi. Bila huo boksi likisukumwa linatoka kwenye bodi linatua kwenye jipsamu, afu linatua juu ya gari.

12. Pakia huku unapima. Kabla hujaweka kitu, chini kwenye gereji vuta kamba toka ukuta hadi ukuta ikigusa dari kwenye ncha, pima katikati uwazi uliopo kati ya kamba na dari, andika. Kama una boriti mpya zinazojitegemea pima hizo juu darini. Pakia nusu ya vitu, subiri siku kadhaa, pima tena. Urefu wa kuruka ukiugawa kwa 240 ndo kikomo: kwa mita 4 ni milimita 16 hivi, ila kama kuna jipsamu chini gawa kwa 360, yaani milimita 11. Ukishakaribia hapo na nusu ya vitu bado iko chini, jibu umeshapata.

MAKOSA YANAYORUDIWA SANA

Kukanyaga kwenye uwazi kati ya boriti na boriti. Jipsamu haibebi mtu, utapita moja kwa moja mpaka chini. Mguu kwenye boriti au kwenye ule ubao wa magoti, wakati wote, hata ukienda kuchukua penseli tu.

Kuning'iniza sakafu kwenye mbao za paa kwa minyororo au vipande vya mbao ili "kusaidia" boriti. Mzigo haujaisha, umeuhamishia paa ambalo lina kazi yake ya kubeba upepo na uzito wake lenyewe. Bila hesabu ya injinia usiguse.

Kutoboa dari ya gereji iliyoungana na nyumba na kuacha matundu. Ile jipsamu mara nyingi ndo inayochelewesha moto usipande kutoka kwenye gari kwenda vyumbani. Kila tundu lizibwe, na mlango wa dari uwe mzito unaofunga vizuri.

Kuweka juu rangi, petroli, mitungi ya gesi, thina. Joto la darini na mvuke wa hivi vitu havipatani hata kidogo. Na maji yanadanganya watu, lita moja ni kilo moja, madumu matano ya lita 20 ni kilo 100 kwenye eneo la nusu mita mraba.

IKITOKEA SHIDA

Sakafu inalia ukitembea: karibu kila mara ni bodi haijabana kwenye boriti. Mtu mmoja atembee, mwingine asikilize, ongeza skrubu pale pale. Ikiendelea, kuna uwazi kati ya boriti na bodi, sukuma kabari nyembamba yenye gundi toka chini au fungua bodi usawazishe.

Boriti haziko kwa nafasi sawa na ncha ya bodi inaangukia hewani: usiikate bodi fupi fupi, funga kipande cha 2x4 ubavuni mwa boriti iliyo karibu bodi ipate pa kukalia.

Mstari wa ufa umetokea kwenye dari chini: shusha mzigo wa eneo hilo siku hiyo hiyo, weka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na tarehe. Ufa usipoendelea baada ya kushusha, rudi hatua ya 5. Ukiendelea kurefuka hata kukiwa kutupu, ita injinia.

Mlango wa gereji umeanza kugoma au kukwaruza juu na haukuwa hivyo kabla: mhimili wa juu ya mlango unashuka, mara nyingi kwa sababu boriti zako zimekalia hapo na wewe umepakia upande huo. Hamisha vitu vizito kwenye ukuta wa pembeni usio na uwazi, afu mhimili ukaguliwe kabla ya kurudisha.

Bodi zimenyanyuka kwenye maungio: hukuacha zile milimita 3, au paa linavuja. Angalia paa kwanza, mvua ikinyesha panda na tochi. Kama ni kavu, legeza skrubu za mstari huo, pitisha msumeno kwenye maungio upate nafasi, kaza tena.